Nyota Kwenye Kabati la Tajudin

Kitendawili!

Sema tega tu, hata kama umechoka kama mimi. Aliondoka na miguu miwili, akarudi na pembe sita.

Watu hujibu ng'ombe, kisha wakikumbuka ng'ombe ana pembe mbili wanajicheka wenyewe. Wajukuu zangu hutaja wadudu wote wa shambani. Nimeshapewa miji mingi kwa kitendawili hiki. Nimepewa Mwanza, nimepewa Dodoma, na kuna mmoja alinipa Ulaya nzima ili nimtajie jibu akalale. Jibu ni baba yangu.

Baba yangu aliitwa Mahona. Aliondoka hapa Nkoma na jeshi la Keya wakati wa vita vya pili vya Wazungu, mimi nikiwa bado mgongoni kwa mama. Akafia Burma, wazee wetu walikokuita Bama. Kilichorudi ni nyota ya shaba yenye pembe sita, katikati ina taji, inaning'inia kwenye utepe wa bluu na nyekundu na rangi ya chungwa. Tarishi wa bomani aliileta kwa baiskeli. Mama akampa maziwa, akanywa, akafuta mdomo, akapanda baiskeli yake. Basi, huo ndio ulikuwa msiba wa baba.

Mama yangu, Nyanjige, alitakiwa aizike ile nyota. Katika ukoo wetu, mtu akifia mbali na mwili usirudi, kinachukuliwa kitu kilichokuja kwa jina lake kinazikwa nyumbani, karibu na zizi, ili na mkewe siku yake ikifika apate pa kulala ubavuni. Mama alikataa. Alisema tarishi yule alikuwa na haraka, huenda alikosea nyumba. Aliogopa kumzika mtu aliye njiani. Akaitundika juu ya mlango wa chumba chake, ikakaa hapo mpaka nikakua, nikaolewa na Masele, nikamzaa Paschal na wenzake, na mama mwenyewe akaja kukaa kwangu na nyota yake.

Ukaja mwaka wa njaa, ule tuliohamishiwa vijijini na mvua nayo ikatuhama. Mama akaishusha nyota, akaenda nayo Bariadi kwenye duka la Tajudin, akarudi na debe la unga wa njano. Hakuwa peke yake. Wajane na askari wazee wa huku na huku walikwenda kwa Tajudin na nyota zao, maana yule mzee alipenda sana vitu vya jeshi. Baba yake alikuwa mpiga tarumbeta wa Keya. Nyuma ya kaunta alikuwa na kabati la kioo, ndani kofia ya chuma, chupa ya maji ya askari, filimbi, na sasa nyota. Hakuziuza. Alizifuta vumbi kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini.

Lakini mama, kabla hajamkabidhi, alifungua ule utepe akautia kifuani.

"Mama, na huo ni wa nyota," Tajudin akamwambia.

"Ukinunua ng'ombe kwangu, kamba unaniachia," mama akamjibu.

Ndivyo tulivyo huku. Ng'ombe anakwenda, kamba inabaki kwa aliyeuza, baraka ya zizi isije ikamfuata ng'ombe. Tajudin alikaa na Wasukuma miaka mingi, akalielewa neno, akachukua nyota tupu. Na wote waliokuja kwake na nyota walifanya hivyohivyo bila kuambizana.

Miaka ikaenda. Kila nikienda mjini napita dukani kununua chumvi na kiberiti, namsalimia Tajudin, halafu namsalimia baba kwenye kioo. Nyota zilikuwa tano, zimepangwa kwenye kitambaa chekundu. Ya kwetu ni ipi sikujua, kwa hiyo nilizisalimia zote.

Halafu ikaja ruksa. Soko huria. Nguo za mitumba zikamwagika mjini, nani tena angetaka kitenge cha Tajudin? Mzee mwenyewe akafariki. Mwanawe Jumbe akaona mali iko kwenye pamba, kwa kuwa ushirika haukuwa tena mnunuzi peke yake, kila mwenye mzani alisimama njiani akaita wakulima. Jumbe akakopa benki, akanunua pamba, bei ikamgeuka akiwa na ghala limejaa. Benki wakaja na kufuli. Tukasikia kwamba duka na vyote vilivyomo vitanadiwa.

Na mama naye, mwaka huohuo, akaanza kuaga. Haumwi hasa. Macho yalikuwa na mtoto wa jicho, miguu haitaki, chakula anakisogeza. Nilikuwa nasonga ugali akaniita.

"Apolonia."

"Naam, mayu."

"Baba yako haji."

Nikaacha mwiko ndani ya sufuria. Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akisema hivyo.

"Nimemngoja vya kutosha," akasema. "Sasa alazwe, ili na mimi nikilala nisilale peke yangu kama mchawi. Nenda dukani kamchukue."

Hakujua habari za kufuli. Ningemwambiaje? Nikasema ndiyo, mayu, nikaendelea na ugali, na ulikuwa umeshashika chini.

Nilikwenda kwanza kwa Jumbe. Nilimkuta amekaa nje ya duka lake mwenyewe, juu ya gunia, kama mteja anayesubiri lifunguliwe.

"Shikamoo, Mama Paschal."

"Marahaba, mwanangu. Pole."

"Nimeshapoa. Jua lenyewe halinichomi tena."

Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafungua viganja vyake. "Ningekupa, haki ya Mungu. Baba aliniambia, wakija wenyewe wape. Lakini benki wameandika kila kitu, mpaka kijiko cha kukorogea chai. Nikitoa kitu mle ni wizi. Njoo siku ya mnada, ununue kama watu wengine."

Basi nikarudi, nikamuuza mtamba wangu kwa jirani yangu Mektilda. Alimzunguka yule mnyama, akampapasa, akatazama meno, kana kwamba hakumwona akizaliwa.

"Anakohoa huyu."

"Unakohoa wewe."

"Na kamba je?"

"Kamba yangu."

"Najua, shoga, nilikuwa nakutania. Haya, niombee maziwa."

Siku ya mnada nilipanda lori la mchele alfajiri nikashuka Bariadi miguu imevimba. Watu walikuwa wamejaa mbele ya duka, wengi wamekuja kutazama tu jinsi mtu anavyofilisika. Dalali alivaa suti ya kahawia na kipaza sauti kimening'inia begani, sauti yake ilishakwaruza kabla ya saa nne. Akauza mizani. Akauza vitanda, majora ya vitenge, baiskeli mbovu, mapipa. Kila kitu alikiita fungu. Nikasubiri aite nyota. Nikasubiri sana. Nilikaa kwenye kizingiti, nikasimama, nikakaa tena, jua likanipanda kichwani.

Pembeni yangu alikuwa Yasmini, binti anayeuza maandazi stendi. Naye alikuwa anasubiri.

"Bibi, umekuja kununua nini?"

"Nimekuja kumnunua baba yangu."

Akacheka, akidhani natega kitendawili. "Mimi nimekuja kwa kabati. Lile la kioo. Maandazi yangu yanaliwa na nzi kabla ya wateja."

Lile lile lenye nyota. Nikamfuata dalali alipokuwa anakunywa maji, nikamuuliza nyota zitauzwa lini. "Nyota gani? Aaa, vile vyuma? Viko ndani ya kabati, mama. Fungu moja. Kabati na vilivyomo."

"Si unitolee moja tu, nami nikupe bei yake?"

"Ningekuwa nauza nyanya, ningekupimia."

Nikarudi kwa Yasmini, nikamweleza yote pale pale chini ya jua. Alikuwa mtoto mwenye akili. Akasema, "Basi tunaunga pesa, bibi. Kabati langu, baba wako. Nani mwingine atalitaka?"

Alikuwepo mwingine. Alikuwa mtu mwembamba, amevaa kizibao chenye mifuko mingi, amekaa kwenye ngazi na begi dogo katikati ya miguu. Anakohoa. Asubuhi yote hakununua kitu. Dalali aliposema kabati la kioo na vilivyomo, yule mtu akatoa kalamu mfukoni akaiinua, basi, wala hakusema neno.

Yasmini akainua mkono. Kalamu ikainuka. Yasmini akainua tena, akafika mwisho wa pesa zake, akanitazama. Sasa ikawa zamu ya mtamba. Sikuwa nahesabu shilingi, nilikuwa namhesabu yule mnyama. Nikatoa miguu ya nyuma, kalamu ikainuka. Nikatoa miguu ya mbele. Nikatoa mbavu. Watu wakaanza kushangilia, "Bibi! Bibi! Usimwachie!" Nikatoa kichwa na pembe zake. Kalamu ikainuka polepole, kama mtu anayesinzia. Nikatoa mkia. Baada ya mkia hapakuwa na kitu.

"Mara ya kwanza. Mara ya pili." Dalali akanitazama, nadhani alinihurumia, akakohoa kidogo kunipa nafasi. "Mara ya tatu. Limekwenda kwa bwana wa kalamu."

Yule bwana akalipa, akafungua kabati, akavifunga vitu vyote kimoja kimoja kwenye vipande vya blanketi na kuvitia begini. Kisha akamtazama Yasmini. "Dada, kabati silihitaji. Nipe cha soda ulichukue."

Yasmini akapiga vigelegele barabara nzima. Alipokuwa analipakia kwenye mkokoteni akakumbuka, akageuka, uso umemshuka. "Bibi yangu, na wewe umepata nini?"

"Jua," nikamwambia. "Nenda kaokoe maandazi yako."

Nikamfuata bwana wa kalamu mpaka kwenye mgahawa. Alikuwa ameagiza chai ya rangi, amelaza kichwa ukutani. Nilisimama mbele yake mpaka akafumbua macho.

"Kaa, mama. Ulinipandisha bei sana."

Jina lake lilikuwa Joakim, mtu wa Arusha. Nikamwambia habari ya baba yangu kama nilivyokuambia wewe. Hakunikatiza. Akatoa kitabu kwenye begi, cha karatasi ng'aavu, kimejaa picha za kofia za askari, panga, maganda ya risasi, medali zimepangwa kama vikombe kabatini. Chini ya kila picha bei. Kilikuwa kitabu cha mnada wa Ulaya, kwenye nyumba kubwa ambayo hawauzi kitu kingine ila vitu vya namna hii.

"Mimi ni mkono tu," akasema. "Wananituma, nazunguka kwenye maduka ya wazee waliokufa na waliofilisika, nakusanya, napeleka. Watu kule wanakaa kwenye viti wanainua vibao vyenye namba. Wanavipenda mno."

"Walikuwa wanawajua hao askari?"

"Hapana."

"Sasa wanavipendea nini?"

Akafikiri. "Nimefanya kazi hii tangu ruksa ianze, mama, na hilo bado sijalijua."

Akakunja blanketi, akazipanga nyota tano mezani kati ya vikombe. "Haya. Ya baba yako ni ipi?"

Nikazitazama. Zilikuwa sawa kama punje za mahindi. Nikazigeuza kutafuta jina.

"Usihangaike," Joakim akasema. "Za vita vya kwanza waliandika majina ukingoni. Hizi hawakuandika. Ndiyo maana bei yake ndogo, zinakwenda kwa fungu. Mimi ningekuuzia moja kwa bei yake, sina roho mbaya. Lakini nikimuuzia kila mtu nyota ya baba yake bila alama, Bariadi nzima itakuja na baba zao, na wa kwako ataondoka na mtu mwingine. Mama yako anaweza kuijua?"

"Alikaa nayo karibu miaka thelathini."

"Basi ataijua." Akainua moja, akaitazama kwa kioo chake cha kukuzia. "Niambie jambo moja. Nimenunua nyota hizi Tabora, nimenunua Songea, nimenunua Tanga. Zote zina tepe. Za huku kwenu tu ziko uchi. Kwa nini?"

Nikamweleza habari ya kamba ya ng'ombe. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, mwenye mgahawa akaleta maji.

"Yaani tepe ziko majumbani?"

"Kila mtu ana wake."

"Wale wa Ulaya wanautaka utepe ule ule wa zamani, uliopauka. Mpya unauzwa kwa mita, hauna maana kwao." Macho yalikuwa yamemwamka. "Kesho nakodi gari. Nipeleke kwenye tepe, nami nikupeleke nyota mpaka kwa mama yako. Akiijua, nitakuuzia kwa bei niliyonunulia mimi, bila kuongeza hata senti."

Nililala kwa Yasmini, kabati likiwa katikati ya chumba kama mgeni wa heshima. Alfajiri tukaondoka.

Tulipitia Zagayu kwa mzee Kija, ambaye naye alikuwa Burma na akarudi na miguu yake yote miwili. Joakim alimsalimia vizuri, nilikuwa nimemfundisha njiani, hata kumwita guku, yaani babu. Mwangaluka, mwangaluka, habari za ng'ombe, habari za watoto. Mzee akafurahi. Akatupa viti. Joakim akasema shida yake, na bei akaitaja, bei nzuri.

"Utepe?" Kija akauliza.

"Ndiyo, guku."

"Nyota aliichukua Tajudin, nikala unga. Sasa na wewe unataka kamba. Kesho utakuja kuchukua zizi? Keshokutwa mke?" Akasimama kwa fimbo yake. "Nani kakuleta? Apolonia, ni wewe? Ungekuwa mwanangu ningekuchapa!"

Tukarudi garini haraka, mbwa wakitusindikiza. Nyumba ya pili wakatuambia utepe mwenyewe alizikwa nao. Nyumba ya tatu wakatupa maziwa na kukana kabisa kwamba waliwahi kuwa na askari. Joakim akaegemea dirisha, vumbi limemjaa kwenye nyusi.

"Mama, kazi hii inachosha."

"Hujawahi kupalilia pamba," nikamwambia, lakini nilimhurumia.

Mama alikuwa amekaa nje kwenye jua la asubuhi, amenyosha miguu kwenye ngozi ya ng'ombe. Alisikia gari, akajifunga khanga vizuri kama anayesubiri wakwe.

"Mwangaluka, mayu," Joakim akasema.

"Mwangaluka, baba. Umekuja naye?"

Joakim akanitazama. Nikasema, "Amekuja naye, mayu. Lakini wako watano. Unatakiwa uonyeshe ni yupi."

Nikaleta ungo, Joakim akaziweka nyota ndani, nikauweka ungo kwenye mapaja ya mama. Masele mume wangu akatoka ndani akasimama. Mektilda alikuwa amekuja kuazima chumvi, akasimama na kibakuli chake.

Mama akaanza. Alichukua ya kwanza, akapitisha kidole gumba kwenye pembe moja moja, akapapasa lile taji, akaigeuza, akaipima uzito kwenye kiganja. Akaiweka. Ya pili. Ya tatu aliikalia muda mrefu, aliipeleka mpaka shavuni, nami nikasema moyoni ndiyo hiyo, mama, ndiyo hiyo, sema tuzike tupumzike. Akaiweka. Akachukua ya nne na ya tano, kisha akarudia mwanzo. Kuku walikuwa wanaparua karibu na miguu yake na hakuna aliyewafukuza.

Mwisho akaziacha zote kwenye ungo, akafuta vidole kwenye khanga.

"Sijui," akasema.

"Jaribu tena, mayu."

"Nimejaribu. Nilidhani nitamjua. Miaka yote nilisema, hata nikipofuka, nikimgusa nitamjua." Alisema polepole, bila kulia. "Wote ni baridi. Wote wana pembe hizo hizo."

Joakim akachuchumaa mbele yake. Ni mtu mwema yule, hata leo nasema hivyo. "Mama, chukua yoyote. Ile ya tatu. Mimi nitasema ndiyo yake, nani atabisha?"

"Na mwenye hiyo, mkewe atalala na nani?"

Joakim akautazama ungo.

"Nizike mume wa mtu kando yangu? Na uzee huu nianze kuiba waume?" Mektilda akacheka, akaziba mdomo kwa kibakuli. Mama naye akatabasamu kidogo. Kisha akatia mkono kifuani, ndani kabisa, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo. Akakifungua kwa meno. Ndani ulikuwa utepe. Sikuuona tangu mwaka wa njaa. Ile bluu ilikuwa imekwisha, nyekundu imekuwa kama udongo, umelainika kama sikio la ndama.

Mimi nikadhani tutauzika huo. Nikamwona hata Masele anatazama jembe lilipo. Lakini mama aliunyosha mkono kwa Joakim.

"Chukua."

"Mayu!" nikasema.

"Niache, Apolonia. Chukua, baba."

Joakim akaanza kutafuta pochi kwenye mifuko yake mingi. Mama akasikia ile karakara akakasirika. "Sikuuzii. Ng'ombe alikwenda zamani. Mimi ndiye niliyebaki nimeshika kamba kama mjinga, ninavuta, ninavuta, na upande wa pili hakuna kitu. Nimechoka mikono. Mfungie aende nayo, asijikwae huko anakokwenda."

"Nimfungie yupi, mayu?"

"Yeyote. Si walikwenda wote?"

Joakim alipitisha utepe kwenye pete ya nyota moja. Vidole vyake vilikuwa vya mtu anayejua kazi hiyo, lakini alikosea mara mbili. Sikutazama ni ipi, sikutaka kujua. Akazifunga kwenye blanketi, akamshika mama mkono kwa mikono miwili. Nilimsindikiza garini. Alipofungua mlango akasema, "Mama Paschal, nikuachie moja? Usimwambie."

Nilifikiri, kweli nilifikiri. Ningeichukua, tungeizika, na mama angekuwa na kaburi la kuonyesha. "Ameshasema," nikamjibu. Akatikisa kichwa, akaingia, wakaenda. Pesa za mtamba zilikuwa bado zimefungwa kwenye ncha ya khanga yangu na sikuwa na furaha nazo.

Nilirudi nikamkuta mama anaomba uji. Nikampa. Alimaliza bakuli, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi.

"Sasa tutazika nini, mayu?" nikamuuliza. "Na wewe ulitaka usilale peke yako."

"Msizike kitu. Siku yangu ikifika, kaburi lichimbeni pana."

"Pana vipi?"

"La watu wawili. Mimi nitakaa upande. Akija, atasogea."

Alikufa pamba ikiwa imepasuka mashambani, watu wote wanavuna, ikabidi tuwatoe vijana kwenye mistari yao waje wachimbe. Ardhi ilikuwa imekauka, jembe linarudi juu. Walipofika kiunoni wakaanza kunung'unika. Bibi mwenyewe mwembamba kama ufito, shimo la nini lote hili? Mmoja akasema labda tunazika na kitanda. Masele akawaambia wachimbe tu, mwenye kaburi ndiye aliyeagiza, na kama hawataki waende wakabishane naye.

Wakachimba mpaka jioni. Tukamshusha, tukamsogeza upande wa kulia, akagusa ukuta wa udongo, tukauacha upande wa pili mtupu. Katekista alipomaliza sala akainama akachungulia, akaniuliza kwa sauti ya chini mbona marehemu hakuwekwa katikati.

Tulikuwa tumechoka. Nikachota udongo kwa mkono, nikautupa upande wake, taratibu, nisije nikajaza ule mwingine mapema.